Tupeane uzoefu: umri umekwenda, nguo za jukwaani hazitaki kustaafu

MzeeSuti: Wakuu, msimu wa korosho ndio huu, harusi zimejaa hapa Mtwara. Mimi ni MC, miaka 58. Jana nimetoa suti yangu ya njano ya kumeremeta na viatu vyekundu, binti yangu akaniambia, "Baba, vaa kama wazee wenzio." Nimeirudisha kabatini. Nani yamemkuta?

MwaliWaZamani: Mimi. Sikulala.

SautiYaMikindani: Mzee, yako afadhali. Mimi naimba taarab, mwaka jana nimeitwa harusini Mikindani. Gauni la dhahabu, kope za bandia, wigi jekundu. Wimbo ukanoga, nikashuka chini na kiuno kama enzi zile, goti la kulia likagoma kupanda. Nikajaribu tena, wapi! Mpiga kinanda anadhani mbwembwe, akarudia kiitikio. Watu wakaja kutunza! Noti zinabandikwa kwenye jasho la paji, mimi machozi yananitoka, wao wanasema, "Huyu mama anaimba kwa hisia!" Kiitikio mara saba. Mpiga tumba, mtu mzima mwenzangu, ndiye aliyeng'amua. Akaja anacheza, akanishika kiuno kama tuko wawili, akaninyanyua. Hela ya usiku ule sijaipata tena.

Kibao: 😂😂 Hilo goti liajiriwe.

Wa_Nachingwea: Kukata kiuno uzeeni ni aibu. Bibi zetu walijiheshimu.

MmakondeHalisi: Bibi zetu hao hao wa ngoma ya sindimba? Kiuno walikiacha wapi?

Wa_Nachingwea: Sindimba ya kwenu Newala huko, usituchanganye.

MmakondeHalisi: Bi Kidude mpaka uzeeni kabisa alikuwa anaimba na kupiga ngoma ya unyago, sigara mkononi. Kafariki 2013. Nani alimwambia apumzike?

Wa_Nachingwea: Huyo wa Unguja. Nimesema bibi ZETU.

MamaLindi: Shoga, goti lifunge bandeji ndani ya gauni.

Kibao: Asifunge, damu itagoma nayo. Achue na mafuta ya nazi.

MwaliWaZamani: Aimbe amekaa. Taarab ya zamani watu walikaa kwenye viti.

SautiYaMikindani: Ukikaa hutunzwi, mwali.

MzeeSuti: Jamani, mmenisahau kwa goti. Suti nivae nisivae?

MamaLindi: Vaa. Viatu ndio uache.

MwaliWaZamani: Viatu avae, suti aache.

Kibao: Dada wa Mikindani, lile gauni unauza? Mdogo wangu anaolewa Jumamosi.

SautiYaMikindani: Siuzi. Nakodisha, ila zipu ilikatika siku ile ile. Aje na pini.