Mjadala: Je, mtengeneza filamu ana haki ya kuyageuza maisha ya dereva wa mashindano?

Mkaazi wa Kikwajuni

Assalaam alaykum. Naleta suala lililotugawa pale maskani, kwa sababu tumelizungumza mpaka usiku wa manane bila ya kuelewana. Filamu ya Rush ya mwaka 2013 inasimulia msimu wa 1976 wa mbio za magari za Formula 1, pale James Hunt wa Uingereza alipompiku Niki Lauda wa Austria kwa pointi moja tu, 69 kwa 68. Ndani ya filamu wawili hao wanachukiana tangu siku ya mwanzo, ilhali katika maisha yao walikuwa marafiki tangu enzi za Formula 3, mbio za daraja la chini. Na lile tukio la Hunt kumpiga mwandishi wa habari aliyemdhihaki Lauda kwa makovu yake limetungwa. Hilo mimi nalistahimili.

Ninaloshindwa kulistahimili ni la Gran Turismo ya mwaka 2023, inayohusu maisha ya Jann Mardenborough, kijana aliyetoka kwenye mchezo wa kompyuta akaingia katika mbio za kweli. Mwaka 2015 gari lake liliruka uzio huko Nürburgring, Ujerumani, na mtazamaji mmoja akafariki dunia. Filamu imeichukua ajali hiyo ikairudisha nyuma, kabla ya mashindano ya Le Mans ya mwaka 2013 ambako kijana huyo alipanda jukwaa la washindi, ili huzuni ya kifo iwe ngazi ya kupandia ushindi. Marehemu yule alikuwa na watu wake. Nauliza: mipaka ya mtengeneza filamu ni ipi, iwapo majina ni ya kweli na waliokufa ni wa kweli?

Maalim wa Chake

Waalaykum salaam. Suala lako ni zuri, lakini nahisi unamtafutia mtungaji kosa ambalo ndiyo kazi yake. Mtu akilipa kiingilio cha sinema ameridhia kusimuliwa, na msimulizi tangu zama za kale hupanga mambo kwa namna yatakavyomshika msikilizaji. Anayetaka tarehe asome gazeti.

Isitoshe, sijafahamu kwa nini madereva hawa wafanyiwe filamu za kishujaa hata kidogo. Mtu amekaa kitako ndani ya gari, injini inamfanyia kazi, na kampuni kubwa zinamlipa. Mvuvi wa Kojani anayekesha baharini katika upepo wa kusi ana ushujaa zaidi, na hakuna kamera iliyowahi kumfuata.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Suala la Kikwajuni nitalijibu baadaye, maana kwanza nina neno na Maalim. Hilo la kukaa kitako ni kauli ya mtu ambaye hajawahi hata kukaza nati ya tairi. Dereva wa Formula 1 akishika breki au akikata kona kwa kasi, shingo yake hubeba mzigo unaokaribia mara tano ya uzito wa kichwa na helmeti yake, na hilo hujirudia kila mzunguko kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Mwaka 1984, huko Dallas, Nigel Mansell alishuka akalisukuma gari lake lililozimika karibu na mstari wa mwisho, katika joto kali, mpaka akazirai. Mwaka 1991, nyumbani kwao Brazil, Ayrton Senna alimaliza mbio giaboksi ikiwa imemharibikia na kumbakishia gia ya sita tu. Alipofika mwisho ilibidi asaidiwe kutoka garini, na kombe alilinyanyua kwa taabu kwa sababu mabega yalikuwa yamekakamaa. Filamu ya makala ya mwaka 2010 inayomhusu imeionyesha siku hiyo, na mimi sijaona mtu aliyeitazama akabaki na ulimi wa kusema habari za kitako.

Maalim naye amekaa kitako ofisini miaka mingi kabla ya kustaafu, na hatujamnyima heshima yake.

Maalim wa Chake

Mwanangu Fundi, mwalimu husimama. Nimesimama mbele ya ubao mpaka miguu ikavimba, na waliopita mikononi mwangu leo wengine ni mahakimu. Usinihesabu pamoja na watu wa viti.

Na kwa kuwa umenichokoza, nikuulize: huyo Lauda mnayemsifu si ndiye aliyetoka garini Japani kwa kuogopa mvua, akauacha ubingwa uende? Filamu imemfanya shujaa, wakati nahodha wa jahazi akiliacha jahazi njiani tunamwita jina jengine.

Bint Makunduchi

Maalim, kwa heshima zote, hapo umemdhulumu mtu. Tarehe 1 Agosti 1976 Lauda aliungua ndani ya gari lake huko Nürburgring. Madereva wenzake ndio waliosimamisha magari yao wakaingia motoni kumtoa, na hospitali alisomewa sala za mwisho za dini yake. Baada ya wiki sita hivi alikuwa amerudi mashindanoni kule Monza, vidonda havijapona, na akamaliza wa nne. Aliyefanya hayo hawezi kuitwa mwoga kwa sababu siku moja, huko Fuji, Japani, mvua ikimwagika na kope zake zikiwa zimeharibiwa na moto, aliamua kwamba roho yake ina thamani kuliko kombe. Mimi naiona siku ile kuwa ya ujasiri zaidi kuliko ya Monza, na filamu kwa hilo imemtendea haki.

Aliyedhulumiwa na filamu ile ni mwengine. Lauda alikuwa hai ilipotengenezwa, alizungumza na mwandishi wa skripti, na alipoitazama aliipenda. Hunt alikwishafariki tangu mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 45. Ulevi wake na mambo yake ya wanawake yamewekwa hadharani, mengine kwa namna ambayo ilinilazimu niwatoe watoto ukumbini, na yeye hana kinywa cha kusema hili nilifanya na hili sikulifanya. Sisi tumelelewa tutaje mema ya maiti wetu na tuwasitiri. Kwa hivyo suala la Kikwajuni mimi naligeuza kidogo: asiyeweza tena kujibu, nani amlindie sitara yake?

Mtu wa Wete

Dada yangu, sitara ni jambo jema nyumbani, lakini ukiipeleka kwenye filamu matokeo yake ni sifa tupu. Tazama filamu ya makala ya mwaka 2021 kuhusu dereva Michael Schumacher, iliyotengenezwa kwa ridhaa ya familia yake. Mkewe anazungumza kwa uchungu wa kweli, na sikuweza kuyazuia machozi. Lakini mambo mazito ya maisha yake mashindanoni yamepitiwa juu juu, na kuhusu hali yake tangu aanguke kwenye theluji mwezi wa Disemba 2013 mtazamaji haelezwi. Familia ina haki ya faragha, hilo silipingi. Ninachosema ni kwamba filamu iliyokaguliwa na familia isiuzwe kama ukweli wote.

Na hiyo ya Senna anayoililia Fundi ina lawama zaidi. Mwongozaji, Asif Kapadia, ametumia picha za zamani tupu, bila ya kutuonyesha nyuso za wanaohojiwa, na mtazamaji hudhani anayaona mambo yenyewe bila ya mkono wa mtu. Kumbe mkono upo katika kuchagua. Alain Prost, bingwa wa dunia mara nne, ametokea humo kama adui mjanja wa mtu mcha Mungu, na mwenyewe hakuficha kwamba hakuridhika. Bora Rush, kwa sababu tunajua mapema kwamba wale ni waigizaji.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Prost hakuonewa. Mwaka 1989 huko Suzuka waligongana, Senna akaendelea na mbio akashinda, halafu akanyang'anywa ushindi mezani, na rais wa chama kilichosimamia mbio, Balestre, alikuwa Mfaransa kama Prost. Filamu ifanyeje, ifiche? Mtu wa Wete tunamjua: kitu chochote cha Brazil humkera tangu enzi za mpira wa Pelé, na hasira za mpira ameziingiza katika magari.

Mtu wa Wete

Pelé nilimpenda, na Brazil haihusiki hapa. Mwaka 1990, Suzuka hapo hapo, Senna alimgonga Prost kwenye kona ya kwanza kabisa, wote wawili wakatoka nje na ubingwa ukawa wake. Mwaka uliofuata akakiri mbele ya waandishi kwamba alidhamiria. Yaani mtu aliliingiza gari lake katika gari la mwenzake, kwa kasi ile, kwa makusudi. Kama angefanya hivyo Prost, wewe Fundi ungekuwa unaandika hapa kwamba ni jinai. Lakini amefanya Senna, muziki wa huzuni ukapigwa, na sote tukamsamehe kabla hajaomba. Hiyo ndiyo nguvu ya filamu, na hiyo ndiyo hatari yake.

Bint Makunduchi

Kwa uadilifu, Mtu wa Wete angetaja pia maandishi yanayokuja mwishoni mwa filamu ile, kwamba Prost alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza la Senna na kwamba yumo katika bodi ya taasisi inayobeba jina lake.

Jambo jengine linanishangaza: tumeandika yote haya na hakuna aliyemtaja mwanamke. Mwaka 1982 Michèle Mouton wa Ufaransa alishinda rali tatu na alikaribia ubingwa wa dunia, kisha asubuhi ya rali ya Côte d'Ivoire akapata habari kwamba baba yake amefariki. Aliingia mashindanoni hivyo hivyo, akaongoza, na mwisho gari likamtoka. Filamu ya makala ya maisha yake ilitoka mwaka 2021, karibu miaka 40 baadaye, wakati Hollywood kwa wanaume ilikwishatumia mamilioni.

Mkaazi wa Kikwajuni

Nashukuru kwa elimu zote hizi, lakini mimi niliuliza habari za maiti wa Nürburgring, na mpaka sasa nimeelezwa habari za vitako, mahakimu na Pelé. Mardenborough mwenyewe alipoulizwa alisema ajali ile ni sehemu ya maisha yake, na kuiacha kungekuwa kutowatendea haki watazamaji. Mimi nakubali kabisa kwamba isingeachwa. Kuitia ajali ndani ya filamu ni jambo moja, na kuipa tarehe isiyokuwa yake ili imfae shujaa ni jambo jengine. Kifo kilichotokea mwaka 2015 hakikumpa mtu nguvu za kushinda mwaka 2013. Maalim, ulisema anayetaka tarehe asome gazeti. Je, ungelisema hayo kama marehemu angekuwa jamaa yako?

Maalim wa Chake

Nisingelisema, na wala usinilazimishe kumfanya jamaa yangu kuwa hoja.

Ila nina jambo nililolitaka tangu mwanzo, Fundi akanizibia njia kwa kelele zake. Tunagombania Wabrazil na Waaustria, na hapa Afrika Mashariki tulikuwa na rali ya Safari, iliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na ule wa kwanza aliupata kwa Volvo iliyokwishatumika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya na jamaa zake wakimkimbia Amin, alishinda mara tano, nne zikiwa mfululizo tangu 1979 mpaka 1982. Mbio zile nilikuwa nikizisikiliza katika redio kila Pasaka. Maisha ya watu wale ndiyo ya kutengenezewa filamu, ikaonyeshwa Ngome Kongwe wakati wa Tamasha la Nchi za Jahazi, kuliko kutuletea kila mwaka kisa cha Ulaya.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Subhanallah. Kumbe aliyekaa kitako ndani ya Volvo ni shujaa, ila wa Ferrari ndiye aliyefanyiwa kazi na injini?

Maalim wa Chake

Wa Safari walishuka wakasukuma magari kwenye matope mpaka magotini. Umesoma nilichokiandika kuhusu kitako, basi soma na hili.

Mtu wa Wete

Mansell naye alishuka akasukuma, Maalim, na Fundi amekwishakueleza.

Nitaunga mkono wazo la filamu ya Mehta, lakini kwa sharti linalohusu suala la Kikwajuni. Mwaka 1973 Mehta na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa sawasawa kwa adhabu, na Mehta akapewa ushindi kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda umbali mrefu zaidi mwanzoni bila ya kuadhibiwa. Huo ndio ukweli, na ni mwisho wa karatasi na mahesabu. Mwongozaji gani ataukubali? Atamharibia Källström gari karibu na Nairobi, atatia mvua, atamweka mama wa Mehta kando ya barabara akilia, na sisi tutapiga makofi kwa sababu safari hii aliyependelewa ni wetu.

Bint Makunduchi

Mimi sitapiga makofi. Nitataka kwanza kujua kama watu wa Källström waliulizwa.

Maalim wa Chake

Na mimi, ikiwa wataugeuza mwisho wa mwaka 1973, sitakwenda kuitazama.

Mkaazi wa Kikwajuni

Basi anayetaka tarehe hatasoma gazeti tena?

Fundi wa Mwanakwerekwe

Mwacheni Maalim. Hata wasipougeuza hatakwenda, maana viti vya Ngome Kongwe ni vya kukaa kitako.