Asteroidi 1817 Katanga: jina libaki ama liondolewe?

Mzee wa Katuba:
Wandugu wa Lubumbashi, juzi kwenye kilio kijana mmoja alituonyesha kwenye simu kwamba kuna asteroidi, jiwe linalozunguka Jua, inaitwa Katanga kama mkoa wetu wa zamani. Wazee wawili nusura washikane mashati. Mmoja anasema ni heshima kwetu, mwenzake anasema ni jina la wakoloni, waandikiwe walitoe. Nimeleta kesi hapa.

Aliyeiona ni Cyril Jackson, Mwingereza wa kuzaliwa aliyefanya kazi Johannesburg, tarehe 20 Juni 1939. Kwanza ilipewa alama ya muda, 1939 MB: M ni nusu ya pili ya Juni, B ni kitu cha pili kuonekana katika siku hizo. Njia yake ilipojulikana sawasawa ikapata namba ya kudumu, 1817. Jina hupendekezwa na mgunduzi, na huyu bwana alipenda majina ya Afrika: Mombasa, Tanga, Pemba, Ndola, Ruanda, yote yako juu. Kuna na 1278 Kenya. Watu wa komini ya Kenya hapa mjini msianze kucheza, ni ile ya Nairobi.

Mimi nasema libaki. Mwaka 1971 Mobutu alitugeuza Shaba. Hadi tunarudishiwa Katanga 1997, jiwe lile lilikuwa limezunguka Jua kama mara saba, maana mzunguko mmoja ni miaka 3 na miezi 8, na jina hakuna aliyeligusa. Mwaka 2015 tukakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Katanga nzima imebaki huko tu. Ina upana wa kilomita 16 hivi, nusu ya safari ya Kipushi, lakini nzima.

Kijana wa Ruashi:
Kobalti, madini ya migodi yetu, iko?

Mwalimu, Kamalondo:
Ni jiwe la aina ya S, yaani silikati (madini ya mawe ya kawaida) na chuma kidogo. Rudisha sepetu nyumbani.

Mzee, nakuunga mkono kwa sababu nyingine. Hilo jina si la Wabelgiji. Msiri mwenyewe, mfalme wa hapa kabla ya Wabelgiji, alilikuta hapa, nao wakamkuta Msiri. Tena si rahisi kulibadilisha. Majina haya yanapitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, na kanuni zake ni kali: herufi zisizidi 16, lisiwe la biashara, na mwanasiasa asubiri miaka 100 baada ya kufa. Wanaotaka liitwe Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, aliyeuawa karibu na mji huu Januari 1961, wahesabu mpaka 2061. Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga na Kongo 1960, 2069.

Kinachonifurahisha ni mwendo wake. Liko sehemu ya ndani ya ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, katika kundi la Phocaea, asteroidi zenye njia zinazofanana. Likikaribia Jua linakuwa mbali mara 1.9 ya umbali wetu sisi, likienda mbali linafika 2.8. Na njia yake imeinama nyuzi kama 26 kutoka ile ya Dunia. Asteroidi nyingi za ukanda huo zinapita karibu tambarare, lenyewe linapanda na kushuka. Wanafunzi wangu walisema hakika hilo ni la Lubumbashi, halifuati foleni.

Mama wa Kampemba:
Shikamoo baba wa Katuba. Hesabu zako sina neno. Ila hapo uliposema "nzima", na ukarudia, ndipo niliposhtuka. Babu yangu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi. Baba yangu alizaliwa Likasi. Mwaka 1992 waliokuwa wanaimba Katanga nzima, Katanga ya wenyewe, ndio waliotutoa nyumbani sisi wenye asili ya Kasai. Tulilala stesheni tukingoja treni, mimi mtoto, mama ana mimba. Tulirudi baadaye kwa sababu hapa ndipo kwetu. Jina la jiwe halinidhuru. Lakini mkilishangilia, niambieni mnashangilia Katanga ipi. Ya mwaka 1939 ilikuwa ya Wabelgiji, ya 1960 ilikuwa ya kujitenga, ile ya 1992 naijua mimi.

Kijana wa Ruashi:
Basi ibaki namba tu, 1817. Namba haina kabila.

Mwalimu, Kamalondo:
Na mtoto darasani ataikumbuka kwa lipi?

Mzee wa Katuba:
Marahaba, mama. Stesheni ya Likasi naikumbuka, nilipita pale siku zile na sikusimama. Neno "nzima" nalifuta. Jina bado silitoi.