Noah, joto la Novemba na safari ya Newala: naombeni ushauri

Kijana wa Ligula: Wakuu, salaam. Jumamosi nampeleka mama Newala kwenye arobaini, kutoka hapa Mtwara mjini. Gari ni Toyota Noah, na joto hili mnalijua. Niliandaeje? Upepo wa matairi? Gesi ya AC? Sina amani kabisa.

Fundi Mikindani: Upepo pima asubuhi tairi likiwa la baridi, fuata kibandiko cha mlango wa dereva. Kagua mkanda, feni na mipira ya rejeta. Lakini hofu yote hiyo ya nini? Limeshachemsha?

Mama Chuno: Vijana mnanunua gari, dumu la maji hambebi! Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, mimi na marehemu mume wangu tulilala Ndundu, kivukoni Mto Rufiji, tukisubiri pantoni, na maji ya rejeta tulikuwa nayo.

Kijana wa Ligula: Shikamoo mama. Lilichemsha mara moja tu, wiki iliyopita, kwenye mlima wa kupandia Newala. Nikaongeza maji ya bomba likapoa. Themostati, ile vali inayofungulia maji ya injini kwenda kwenye rejeta, fundi aliitoa tangu mwezi wa sita, akasema huku kwetu haina kazi. Si mimi peke yangu, wengi wanatoa.

Fundi Mikindani: Wengi wanaua injini. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka inaziba njia ya pembeni. Ukiitoa, maji ya moto mengine yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Na maji ya bomba yanaleta kutu. Chomoa stiki ya oili, niambie rangi.

Korosho Tandahimba: Jamani, uzi wa kutunga huu. Mtu wa Mtwara mjini anakwenda Newala kwa Nanyamba na Tandahimba. Mlima ule mkali uko upande wa Masasi!

Mzee wa Feri: Hata mimi nimeshtuka. Dogo, sema kweli.

Kijana wa Ligula: Sijatunga, wallahi. Nilizungukia Mingoyo na Masasi, nilikuwa na mifuko 12 ya saruji ya mtu. Mitano ya Masasi, iliyobaki ya Newala.

Fundi Mikindani: Mifuko saba, kilo 350 mlimani, bila themostati! Oili je?

Kijana wa Ligula: Kama chai ya maziwa. Lakini kulanti, yale maji maalumu ya kupoozea injini, nimeshanunua lita 4, na mama ameshawaambia ndugu tunakuja na gari.

Fundi Mikindani: Maji yameingia kwenye oili. Kwa dalili hizo naogopa gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike, imeungua. Kulanti haitibu hilo. Usiliwashe tena, hata kulisogeza.

Mama Chuno: Mwanangu, ndugu wanamsubiri mama yako, hawasubiri gari.

Kijana wa Ligula: Basi la Newala linatoka saa ngapi?