Mkopo wa nyumba umekushinda: uuze mwenyewe mapema au ukomae mpaka mnada?

Kichwa Ngumu: Wakuu salama? Mimi msimamo wangu ni huu, ukiona marejesho yamekupita miezi miwili na hela huioni itatokea wapi, uza nyumba mwenyewe. Mnadani watu wanajua umebanwa, mara nyingi hata ndani hawajaingia kukagua, kwa hiyo wanataja bei ya kutupa, halafu gharama za dalali na mawakili zinakatwa humohumo kabla deni lenyewe halijaguswa. Ukiuza mwenyewe unalipa benki na kinachobaki chako. Shida yetu aibu, mtu barua za benki anazificha hata mwenzake wa ndani hajui

Mama Wawili: Mkuu mbona unakimbilia kuuza kabla hujagonga mlango wa benki? Wale hawataki nyumba yako, wanataka hela yao. Nenda na karatasi za kipato, omba waongeze muda wa mkopo, au wakuache ulipe riba tu kwa miezi kadhaa, na wakikubali wakupe kwa maandishi maana ahadi ya ofisa mdomoni haina kazi. Ila tusidanganyane, muda ukiongezwa rejesho linashuka lakini riba ya jumla inapanda. Kwa aliyeyumba kwa muda inasaidia, kwa ambaye kipato kimekata kabisa anaahirisha kilio tu

Mbishi Daima: Naona wote mnamshughulikia mkopaji, benki hamuigusi. Nyumba imeuzwa, hela haijatosha, kwa nini mtu aendelee kudaiwa salio na hana hata pa kulala? Kule Marekani, jimbo la California ukikopa kununua nyumba ya kuishi, kwa kawaida benki ikishaichukua haikufuati tena, jimbo la Florida wanaweza kukurudia mahakamani. Nchi moja hiyohiyo! Hispania nako unaweza kupoteza nyumba na deni likabaki, mpaka 2012 serikali ikaweka utaratibu wa familia zilizo hoi kukabidhi nyumba na deni likaisha, tena kwa benki zilizokubali kujiunga tu

Kichwa Ngumu: Sasa salio likifutwa kila mahali nani atakopesha? Watadai kianzio kikubwa na asiye na akiba atapanga maisha yake yote

Mbishi Daima: Wadai tu. Benki ikijua hasara itakula yenyewe haitamkopesha mtu kuzidi uwezo wake. Kabla ya 2008 Marekani walikuwa wanagawa mikopo hata kipato hawathibitishi, mwisho wake ule msukosuko wa mabenki tuliuona

Mpita Njia: Nachomekea kidogo, jihadharini na wale wanaokuja na "nisainie hati, mimi nalipa deni, wewe kaa kama mpangaji". Hapo nyumba imeondoka na deni bado lina jina lako. Halafu jueni siku mlizonazo, Marekani kwa kawaida hawaanzi taratibu za kukunyang'anya nyumba mpaka uwe umechelewa zaidi ya siku 120, huo ndio muda wa kuhangaika sio wa kuzima simu

Mama Wawili: Kichwa Ngumu hujanijibu, bei ya soko ikiwa chini ya deni unauzaje mwenyewe? Benki haiachii hati mpaka ilipwe yote

Kichwa Ngumu: Hapo dada lazima ukae nao kwanza wakubali kupokea pungufu, na waandike wazi kwamba salio wamelisamehe. Wasipoandika hivyo usisaini, utahama na deni unalo