Naomba ushauri: jina la binti yangu na ukuu wa ukoo wa Kiskoti

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Nimeolewa Inverness, Scotland, na baba mkwe ndiye mkuu wa ukoo wao. Mtoto wetu ni mmoja tu, wa kike, miaka sita. Juzi mzee alitoa kwenye kasha beji ya fedha yenye manyoya matatu ya tai, alama ya mkuu wa ukoo, akamwekea mjukuu kiganjani. Mtoto akaishika kwa mikono miwili, hapumui.

Zamani wanaukoo walimchagua mrithi miongoni mwa ndugu wa damu ya mkuu. Siku hizi kwa kawaida anafuata mtoto wa kwanza wa kiume, na mwenye kuthibitisha ni Lord Lyon, mwamuzi wa nembo aliyeko Edinburgh. Jinsia pekee haizuii: Flora MacLeod aliongoza ukoo wa MacLeod wa kisiwa cha Skye kuanzia 1935, akarithiwa na mjukuu wake kwa binti, ambaye ilibidi achukue jina la MacLeod.

Hapo kwenye jina ndipo ninapokosa usingizi. Binti yangu ana majina mawili ya ukoo yaliyounganishwa, la baba yake na la marehemu baba yangu wa Tanga, na Lord Lyon hamtambui mkuu mwenye jina la namna hiyo. Mume wangu anasema niamue mimi.

Nilitoe jina la baba yangu sasa, au nisubiri mtoto akue achague mwenyewe? Mliowahi kubadilisha jina la mtoto ugenini, mlimwelezaje?