Kusawazisha sauti ya chumba: nipime spika moja moja au zote mbili pamoja?

besi_ya_mtaa
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoelewa mambo ya kupima sauti ya chumba. Sebule yangu ina urefu wa mita 4 hivi, upana mita 3 na nusu, kuta za bloku, chini tailizi, juu gipsam. Spika ni mbili za kusimama chini, aina moja, na zote nzima kabisa, nimeshazibadilishana nafasi na tatizo linabaki upande uleule. Ya kushoto imejibana kwenye kona. Ya kulia imebidi niivute mbele karibu mita nzima kutoka ukutani maana nyuma yake kuna mlango wa korido na watu wanapita. Sasa nikikaa kwenye sofa, ambalo limegusa ukuta wa nyuma, besi inanguruma kushoto halafu mwimbaji ambaye anatakiwa asimame katikati anavutwa kulia. Nikiweka taarabu ndo inaniuma zaidi, maana zile fidla na kanuni (ala ya nyuzi) zinarundikana upande mmoja.

Nimeazima maiki ya kupimia sauti, UMIK-1, na REW (programu ya kupima sauti ya chumba) ipo kwenye laptopu. Nimepima zote mbili zikilia pamoja, ikanipa filta (marekebisho ya kukata au kupandisha masafa fulani), nimeziweka kwa pande zote sawasawa. Mngurumo umepungua kidogo ila mwimbaji hajarudi katikati. Kwenye grafu kuna mlima mkubwa (sauti imezidi) kwenye hezi 43 na bonde (sauti imepungua) kama hezi 86, ambalo nahisi ni la spika ya kulia. Je nikipandisha hilo bonde desibeli 10 itakaa sawa? Na je nipime moja moja?

fundi_wa_ampu
Moja moja mkuu, kwenye chumba kama chako hakuna njia nyingine. Chumba hakiko sawa pande zote, kushoto una kona, kulia una mlango, kwahiyo kila spika inalia kwenye mazingira yake, ukizipima pamoja maiki inakupa jumla ya hizo mbili na huwezi jua kosa ni la nani. Tena masafa ya juu yanakudanganya kabisa, maiki ikisogea kidogo tu kutoka katikati mawimbi ya kushoto na kulia yanaanza kukatana na unaona mabonde ambayo sikioni hayapo.

Huo mlima wa 43 ni urefu wa chumba chako. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, gawa kwa mara mbili ya mita 4, unapata 43. Na wewe umekaa ukutani kabisa, pale ndo wimbi hilo lina nguvu kuliko sehemu yoyote. Vuta sofa mbele hata nusu mita kabla hujagusa filta, utaona grafu inavyobadilika.

Bonde la 86 usilipandishe!! Hiyo ni sauti inayotoka kwenye spika inagonga ukuta wa nyuma yake umbali wa mita moja, inarudi imechelewa nusu wimbi, inaifuta ile ya mbele. Ukiongeza nguvu unaongeza na ile inayofuta, zinaendelea kufutana. Na desibeli 10 maana yake unaidai ampu wati mara kumi pale kwenye 86, spika itapiga kelele na bonde liko palepale. Dawa ni kusogeza spika. Ukiirudisha hata sentimita 30 nyuma lile bonde linapanda kwenye hezi 120 na kitu, na huko mara nyingi linasumbua kidogo.

zenji_sauti
Naungana na fundi, ila ndugu yangu kumvuta mwimbaji kulia si kazi ya filta. Spika ya kulia iko karibu nawe zaidi, sauti yake inakufikia mwanzo, na sikio linafuata kilichofika mwanzo. Chukua futi, pima kutoka kila spika mpaka pale kichwa chako kinapokaa. Tuseme tofauti ni sentimita 55, hiyo ni kama milisekunde 1.6, basi unaichelewesha ya kulia kiasi hicho na kuipunguza desibeli moja na nusu hivi. Kama unatumia Equalizer APO (programu ya kusawazisha sauti) kwenye Windows unaandika namna hii:

Preamp: -3 dB
Channel: L
Filter: ON PK Fc 43 Hz Gain -8 dB Q 5
Channel: R
Filter: ON PK Fc 43 Hz Gain -4 dB Q 5
Preamp: -1.5 dB
Delay: 1.6 ms

L ni kushoto, R ni kulia, Preamp ni kiwango cha sauti, PK ni filta ya mlima, Fc ni hezi zake, Gain ni kiasi cha kukata, Q ni wembamba wake, Delay ni kuchelewesha. Namba za filta weka zako kutoka REW, hizo nimeweka kukuonesha mpangilio tu. Kumbuka sauti ya TV haipiti humo, ni ya laptopu peke yake.

kijana_wa_miksi
Nipingane kidogo na wale watakaokwambia usawazishe kila upande mpaka hezi 20,000. Mimi nasimama kwenye 300. Chini ya hapo chumba ndo kinatawala, kila spika ipe filta zake. Juu ya hapo spika zako ni aina moja na sauti inayotoka ni ileile, tofauti unazoona kwenye grafu nyingi ni mirejesho ya ukuta, ukianza kuzikata kushoto hivi na kulia vile unaharibu ulinganifu na fidla zako zitazidi kutangatanga. Ukitaka kupunguza ukali wa juu, filta moja ileile pande zote mbili.

Ndani ya REW weka mipaka 20 mpaka 300, na kiwango cha kupandisha weka sifuri ili ikate milima tu. Usisahau faili la maiki (la kusahihisha vipimo vyake), kila UMIK-1 ina lake kwa serial namba yake iliyoandikwa ubavuni, unalipakua kwenye tovuti ya miniDSP, watengenezaji wake. Na tailizi hizo tandika zulia mbele ya sofa, mwangwi wa kuta tupu hauondoki kwa filta yoyote.

besi_ya_mtaa
Wakuu nimefanya. Sofa nimelivuta, spika ya kulia imerudi nyuma mpaka mlango unapofunguka kwa shida kidogo, mama watoto amekubali kwa sasa. Baada ya kuisogeza tofauti ya umbali imebaki sentimita 30 tu, nimeweka milisekunde 0.9. Nimepima moja moja, kushoto mlima umetaka kukatwa mara mbili ya kulia. Mwimbaji sasa yuko katikati na kanuni naisikia ikiwa nyuma yake kidogo. Swali la mwisho, nikipima tena maiki niiache sehemu moja au niizungushe?

fundi_wa_ampu
Izungushe taratibu eneo la kichwa, kama nusu mita hivi, sauti ya majaribio ikilia spika moja huku REW inakusanya wastani. Kisha upande wa pili vivyo hivyo. Usisimame kati ya spika na maiki wakati unapima.