Valvu bandia na homa isiyoisha: tuanze na kipimo kipi?

Kaka Mkubwa: Wakuu, mdogo wangu aliwekewa valvu ya moyo ya chuma miaka miwili iliyopita. Sasa wiki ya tatu homa inampanda kila jioni, shuka linalowa jasho. Malaria hana. Zahanati walimchoma antibayotiki, homa ikatulia siku nne, ikarudi. Eko ya kifuani (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) imesema valvu ni safi. Kuna kuotesha damu kutafuta bakteria, eko ya kumeza mpira, na PET (skani inayoonyesha penye uvimbe wa maambukizi). Pesa haitoshi kwa zote.

Binti Maabara: Pole sana kaka. Hofu hapa ni bakteria kujishika kwenye valvu. Damu kwanza, leo hii, kabla hajapewa dawa nyingine. Seti tatu za chupa, kila moja ichomwe sehemu yake, na kila chupa ipate mililita 8 hadi 10. Napokea chupa zenye mililita mbili! Zinakaa kwenye mashine siku tano, hakuna kilichoota, mgonjwa anaambiwa hana kitu. Zile sindano pia zinaweza kuwaficha bakteria, kwa hiyo mtajieni daktari jina la dawa na tarehe. Bakteria wa ngozi wakiota chupa moja, huenda ni uchafu wa sindano. Wakiota seti zote, kwa mwenye valvu bandia msikubali waitwe uchafu.

Dkt wa Zamu: Nyongeza. Msitulizwe na ile eko. Chuma kinatupa kivuli, na bonge la bakteria lililo nyuma yake halionekani. Kwa valvu bandia, eko ya kifuani hukosa karibu nusu ya wagonjwa. Mpira wa kooni unafika nyuma ya moyo kabisa, unaona hata jipu pembeni mwa valvu. Ukikosa kitu na homa bado ipo, urudiwe baada ya siku 5 hadi 7. Alazwe.

Mama Nasra: Mimi nilimeza huo mpira. Ganzi ya kupuliza ni chungu ulimini, halafu koo linakufa kabisa, hata mate hayamezeki. Mwambie asiogope, mwanangu. Na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiache bila kuambiwa.

Kaka Mkubwa: Asanteni. Na PET?

Dkt wa Zamu: Imo kwenye vigezo vya Duke vya 2023, vile tunavyotumia kuthibitisha maambukizi ya valvu, na kwa valvu iliyowekwa zaidi ya miezi mitatu iliyopita ina uzito mkubwa. Ila iwekeni akiba, mpaka damu na mpira vibaki na utata.

Kaka Mkubwa: Tumelazwa. Mkono wa kulia umeshachomwa, nesi anatafuta mshipa wa kushoto.